Maabara ya Bazilio

Nyakitonto, Kasulu
17 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Castory,

Uniwie radhi kwa ukimya wangu tangu Pasaka. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na hasira, nami sipendi kuandika barua katika hali hiyo. Je, mgongo wako umepona? Watoto hawajambo huko Tanga? Sisi tu wazima, na maharage yamestawi.

Shule ya kina Bazilio, kule Kitanga, imepata maabara. Ndiyo, Bazilio yuleyule niliyefundisha naye, ambaye sasa ni mwenyekiti wa bodi ya shule kama mimi. Maabara hiyo ina mabomba ya maji, meza za vigae, na vyombo vya kioo vya kila umbo. Yetu ni boma lililokomea kwenye madirisha, na mbuzi hulala humo. Nimeona wivu, Castory. Sikudhani kwamba katika umri huu ningeweza kukosa usingizi kwa ajili ya jengo la mtu.

Nilikwenda kuiona, nikijifanya napita tu nikitoka Kibondo. Nilipoinua bureti, ule mrija mrefu wa kupimia asidi, Bazilio alinicheka mbele ya walimu: "Mzee Melkiadi, taratibu! Hiyo si ya kunyweshea ng'ombe dawa." Chakula chake sikukila.

Wanafunzi wetu wa kidato cha nne hujifunza kwa mchoro wa ubaoni. Mjukuu wangu Nadine hueleza jaribio zima la asidi na besi bila kukosea. Juzi akaniuliza, "Babu, hiyo pinki wanayosema maji hugeuka ni ipi? Ya kanga ya bibi, au ya sabuni?" Na mtihani wa vitendo ni Novemba.

Mwalimu Ghati, binti wa Tarime anayefundisha kemia, ameiomba bodi iwapeleke wanafunzi kwa Bazilio kila Jumamosi. Bazilio hakatai, ila anataka aombwe kama wazee wanavyoombana huku kwetu: mwenyekiti aende mwenyewe na mtungi wa pombe ya ndizi, aketi, aombe. Nimewaambia wajumbe tumalize kwanza boma letu. Hakuna aliyenipinga, wala aliyeniunga mkono.

Nisalimie watoto, Epifania na Kasian. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Bodi itakaa Ijumaa. Nitakuandikia mara tutakapoamua kama ni kungoja boma au kubeba mtungi. Shemeji yako Josephina hakungoja kikao: tangu jana amekwisha kufukia ndizi za pombe shimoni ziive.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Melkiadi