Safu ya Mbele, Upande wa Pili

Jumatatu, 4 Agosti

Katibu wa chama cha raga kanipigia asubuhi. Moyo ukaruka – nimealikwa! Jumamosi ni mechi ya hamsini kati ya timu yetu ya taifa na watani wetu wa jadi wa nchi jirani, na kabla yake wachezaji wa zamani wa pande zote mbili watacheza nusu saa, uwanja ukiwa umejaa. Nikakohoa, nikaweka sauti ya mwanamichezo.

Akataka kukodi viti mia sita na mahema kumi na mawili.

Viti!

Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba nami niliichezea timu ya taifa. Akajibu: "Wa benchi hatukuwahesabu, mzee wangu. Mahema yawe meupe."

Jumanne, 5 Agosti

Haki iandikwe japo hapa. Nilikaa benchi mechi tisa. Katika ile ya tisa, dhidi ya hao hao watani, mwenzetu wa safu ya mbele alipasuka juu ya jicho, nikaingizwa dakika nne za mwisho. Skramu moja, kule kusukumana bega kwa bega. Niliisukuma! – au ilinisukuma, maana tulirudi nyuma mita mbili na nikainuka na nyasi puani. Lakini nilikuwemo. Refa hakuandika. Magazeti hayakuona. Mama watoto, wakati ule mchumba, alikuwa jukwaani, ila anaapa kwamba dakika hizo alikuwa amekwenda msalani.

Nilianza na viti ishirini vya plastiki na mkokoteni wa kuazima. Leo hakuna harusi wala msiba mji huu ambao watu hawakalii mali yangu. Na bado nalilia dakika nne. Mtu mzima hovyo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejipima kwenye mizani ya duka la nafaka. Kilo 121. Enzi zile 98. Ongezeko la asilimia ishirini na tatu – biashara ingekua hivyo ningekuwa na ghorofa.

Nimepiga pushapu saba nyuma ya stoo. Binti yangu kafungua mlango mbio: "Baba, umeangusha nini?"

Ijumaa, 8 Agosti

Tulikuwa uwanjani tunapanga viti, basi la watani likaingia. Wakashuka wazee wenzangu, kila mmoja akiliomba goti lake msamaha. Mmoja, mpana kama lango, akasimama kunitazama nikiwa nimekumbatia viti sita.

"Kabati! Bado unapumulia watu masikioni?"

Tingatinga! Yule yule niliyegongana naye kwenye skramu yangu moja. Jina la Kabati sijaitwa tangu wenzangu wa benchi watawanyike. Akawaita wenzake: "Huyu bwana aliingia mwisho mwisho, nikajiuliza katoto haka ka nani, kakanikanyaga kidole gumba hadi leo mvua ikija kinaniambia."

Nikamgeukia binti: umesikia? Akasema, nimesikia Baba, ila viti vinaanguka.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilikwenda nyuma ya hema kufuta jasho. La macho.

Jumamosi, 9 Agosti, mchana

Naandika nikiwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Cha wageni!

Mtu wao mmoja wa safu ya mbele kakamatwa na mgongo akifunga kamba za viatu. Refa kasema bila watu watatu wanaoijua kazi hiyo hakuna kusukumana, skramu zitakuwa za kuegemeana tu kama watu kwenye foleni. Tingatinga kaja hadi kwenye mahema: "Kabati, weka viti chini. Tukopeshe mabega."

Nilikwenda kwanza kwa katibu. Nikasema nipeni nafasi kwetu, mmoja wenu avuke huko. Hata hakuinua kichwa. "Kwetu tumejaa. Na wewe huna historia na sisi, mzee wangu, cheza popote."

Nikavuka.

Jezi yao inanifika juu ya kitovu. Mama watoto kachungulia dirishani, kaniangalia juu hadi chini, kasema baba watoto, jirani zetu wote wamo humu. Kisha: "Ingiza tumbo."

Mtangazaji sasa hivi kasoma majina. Tingatinga ndiye aliyempelekea langu. "Na kwa upande wa wageni, mchezaji wa zamani wa timu YETU ya taifa..." Jina langu, yote matatu! Uwanja ukaguna. Kisha kuna mtu akapiga makofi, na mwingine, na kuna aliyezomea – yote nimeyapokea.

Dakika moja baadaye katibu huyo mlangoni, anahema, jezi ya nyumbani mkononi. Ni mpya, ni saizi yangu. Wamegundua nafasi. Eti waandishi wanauliza, ni aibu kwa taifa, nivue haraka mzee wangu, mheshimiwa sana, tafadhali.

Tingatinga anajifunga plasta kidoleni, hanitazami.

Katibu anauliza naandika nini. Nimemwambia asubiri.

Nimejaribu kuivua hii ya wageni. Imekwama mabegani. Katibu anasema nivute kwa nguvu.

Sijavuta kwa nguvu zote.