Zamu ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 7 Oktoba

Mwezi wa Rozari. Sanamu ya Mama Maria inazunguka jumuiya yetu nyumba kwa nyumba, kila nyumba siku moja. Leo iko kwa jirani yetu, Mama Kunigunda. Kesho ingekuwa kwetu. Ingekuwa! Katekista Cuthbert amesema ituruke, iende kwake moja kwa moja, mpaka mambo yetu yaeleweke.

Mambo yenyewe yanaeleweka vizuri sana. Mimi na Vitalia, wanawake wawili, tunapendana, tunaishi pamoja mwaka wa sita huu. Mwezi wa nane kaka yake, Baltazar, alishuka kutoka Mbinga akatutangaza barabarani. Tangu siku hiyo Lituhi nzima hailetei cherehani yangu hata kiraka.

Vitalia amefungasha begi. Basi la Jumapili alfajiri. Anasema akiondoka yeye, mimi nitasalimika. Sitaki kusalimika hivyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Ajabu. Mama Kunigunda amekataa kutoa sanamu. Kamwambia Katekista desturi ni jirani kumkabidhi jirani, na jirani yake ni Hilda, yaani mimi. Isipokwenda kwa Hilda haiendi popote. Basi wamesali kwake tena.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya nne wanajumuiya wako kwa Mama Kunigunda. Wamekanyaga mchicha wake wote. Wananung'unika — wengine wanamlaumu yeye, wengine Katekista.

Nilikwenda uani kwake. Nikampa shikamoo, nikamwambia, mama, acha tu, watakutenga na wewe. Akaendelea kuanika dagaa. Akasema alipougua mwaka juzi, Vitalia ndiye aliyemchotea maji wiki tatu, wala hakuna aliyeuliza Vitalia analala wapi. Nenda kafagie, akasema.

Nililia njia nzima, na njia yenyewe hatua ishirini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Zamda wa dukani kaleta mikeka miwili. Yeye Mwislamu, rozari haimhusu. Kauliza wageni watakaa wapi, mchangani? Nikamwambia hakuna aliyesema anakuja. Kasema mikeka haiozi, ikae tu.

Vitalia hajafungua begi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wamekuja!

Mama Kunigunda mbele na sanamu, nyuma yake watu kumi na mmoja wanaimba. Katekista hayumo. Wengine wamekuja kwa kuchoka kusali kwenye matuta ya mchicha, najua. Nawashukuru hao pia.

Akanikabidhi sanamu. Mshumaa akabaki nao, hakuuwasha. Akauliza mwenzangu yuko wapi, maana hatuanzi nyumba haijatimia. Mtu akakohoa. Vitalia akatoka chumbani, macho mekundu, akapokea mshumaa kwa mikono miwili. Mikeka ikatosha kabisa. Ee Mungu, asante kwa mama mbishi.

Wameondoka sasa hivi. Kesho saa kumi jioni ni sisi wa kuikabidhi, na nyumba inayofuata ni ya Katekista. Sijui kama atafungua mlango. Mama Kunigunda kasema twende wote wawili, yeye atakuwa nyuma yetu.

Begi la Vitalia bado liko mlangoni, na basi ni alfajiri. Lakini kitenge chake kipya kimetoka humo, amekitandika chini ya sanamu.

Ananiita — anauliza kesho jioni tuvae nini