Bolti Mbili za Pijo la Yesaya

Jumatano, 14 Mei 2025

Tunduma nzima hakuna anayeijua bolti kama mimi. Naigonga na nyundo, naisikiliza, nakwambia kama ni ya gari au ya geti.

Haya, uongo. Sikio la kulia halisikii tangu mwaka juzi, na la kushoto linasikia linachotaka. Lakini hapa Chapwa watu wanaamini, nami sina haraka ya kuwasahihisha.

Leo rafiki yangu Yesaya kaleta Pijo lake 404, la mwaka 1968. Mwenyewe mzee wa kanisa, gari linalia kama mlevi! Bolti mbili za mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu la mbele kushoto, zimelika. Jumamosi anataka kumpeleka mke wangu Marita kule Ileje, akamwone dada yake Ruti aliyevunjika nyonga. Nikamwambia kwa uendeshaji wako mtafika na nyonga tatu mbovu. Akasema, "Wewe mpagani funga bolti, mdomo nitakufunga mimi."

Alhamisi, 15 Mei

Dukani kwa Jenista, pale kwenye foleni ya malori ya mpakani. Nikaomba bolti ngumu kuliko zote. Akacheka mpaka akakaa. Babu, soma kwanza namba kichwani mwa bolti! Ya geti ina nne nukta sita, au haina namba kabisa — ikipigwa na shimo inajikunja, halafu inakatika. Ya kumi na mbili nukta tisa ni ngumu mno, nayo ina siku yake, inakatika bila kuaga. Akaifuta grisi ile bolti mbovu niliyombebea. Nane nukta nane. Basi rudisha hiyohiyo, akasema, waliolitengeneza hawakuwa wajinga.

Binti wa juzi! Nimeshika spana mama yake hajaolewa. Nikanuna, nikachukua mbili za nane nukta nane. Njiani nikakubali kasema kweli. Moyoni lakini. Mdomoni bado.

Ijumaa, 16 Mei

Nimefunga. Zinang'aa!

Yesaya anapenda vitu ving'ae, hata viatu vya shamba anavipiga dawa. Basi nikatia zile mbili kwenye kopo la dizeli, pamoja na mbili za unene uleule zilizotoka geti langu la zamani. Za akiba. Zote nne nikazisugua vichwa na grenda, nikazipaka rangi nyeusi. Zikapendeza kama vifungo vya koti la bwana harusi.

Ndipo nikakumbuka namba. Nimezisaga zote.

Marita alikuwa mlangoni. Baba Osward, mbona umenyamaza, unaumwa? Nasikiliza bolti, nikamwambia. Nikazigonga. Ti, ti, ti, ti. Nikachagua mbili zilizolia vizuri. Zilizolia vizuri! Zote zililia sawa.

Ningeweza kurudi kwa Jenista. Nikaona aibu. Na Yesaya je? Nimwambie fundi wa miaka arobaini kasaga namba kwa ajili ya urembo? Angelisoma kanisani baada ya matangazo ya ndoa.

Jumamosi, 17 Mei

Saa moja asubuhi wameondoka. Magunia mawili ya mahindi nyuma, Marita mbele na kitenge kipya. Kanipungia mkono. Siku zote hanipungii.

Saa tatu. Nimeshindwa kukaa. Nikabana bolti moja ya zilizobaki kwenye jiliwa, nikaivisha spana, spana nikaivisha bomba refu, nikaning'inia. Jikunje, nikaiambia. Jikunje, mama! Ukijikunja wewe ndiyo ya geti, na Marita yuko salama. Haikujikunja. Ya pili nayo vilevile. Mzee mzima naning'inia kama popo, na chuma hakitikisiki.

Hizi ndizo za Jenista. Za geti zimeenda Ileje.

Nimempigia Marita. Simu ikaita chumbani, chini ya mto. Ya Yesaya imezimwa — anasema mwenye gari la heshima hapokei simu barabarani. Ruti kasema hawajafika, chai anayo mezani. Akaniuliza mbona nahema. Nikasema nafanya mazoezi.

Saa nne kasoro. Ikiwa zimevumilia tambarare ya pale Mpemba, kuna miteremko mbele. Pijo linakwenda polepole, na Yesaya husimama kila penye mtu wa kusalimia. Miaka yote namcheka kwa umbea. Ee Mungu, leo mpe watu wengi barabarani, wote wawe na habari ndefu.

Saa nne. Naandika nimekaa kwenye pikipiki ya jirani yangu Gwakisa, asije akaondoka nayo. Anasema ana abiria anamsubiri stendi, shuka mzee wangu, nitarudi sasa hivi. Sishuki. Nimemwambia: Gwakisa, siku mama mkwe wako alipokuja kukutafuta, nani alikulaza chini ya gari saa mbili nzima, akasema umekwenda Igamba? Sikukuomba kitu siku ile. Leo naomba. Spana ninayo, bolti ziko mfukoni. Nifikishe tu lilipo Pijo. Kurudi nitajua mwenyewe.