Kinguzo cha Titani Nyuma ya Duka la Bolti

Jumamosi. Joto la Kariakoo limenikaa shingoni, na nina hasira ambayo sitaki ipoe.

Jana jioni baba, aliyekuwa amerudi kutoka Dubai siku hiyo hiyo, alishusha swichi kuu ya duka, kama anavyofanya kila siku akiwapo tangu alipofungua biashara na kuanza kuleta bolti kutoka huko. Nyaya za jengo letu ni kuukuu, na mtaa mzima unafuata sheria moja: umeme hauachwi dukani bila mtu. Lakini stoo, nyuma ya makatoni, kompyuta yangu ilikuwa siku ya tisa ikikokotoa jinsi kinguzo cha aloi ya titani, yaani kijiti cha titani iliyochanganywa na metali nyingine, chembamba kuliko unywele mara maelfu, kinavyobadilika umbo kikibanwa.

Siku tisa zikapotea.

Nikiri: sikuwa nimeiagiza programu ihifadhi kazi njiani. Na sikumwambia baba kwamba kompyuta inawaka, wala kwamba usiku zote nane alizokuwa safarini sikuishusha swichi, maana nilijua angekataa.

Profesa anayenisimamia chuoni amenipa wiki mbili. Nisipoleta grafu, nihamie utafiti wa matofali ya saruji.

Sihami.

Baba hupima kila mzigo mpya kwa kubana bolti moja kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania chenye mpini. Ile mbovu hujipinda taratibu, kwa sababu metali kubwa ina kasoro nyingi katika safu za atomu, na kasoro hizo ndizo huteleza. Kinguzo changu ni kidogo mno, karibu hakina kasoro. Kinabanwa, kinagoma. Kinabanwa tena, kinagoma tena. Halafu ghafla safu za atomu zinageuka upande kwa pamoja, na kinaendelea kubeba mzigo. Nataka kujua zinageuka lini, na aloi ikibadilishwa inakuwaje. Hilo tu, na sioni kwa nini nimwombe mtu radhi.

Asubuhi nilimweleza baba. Akacheka.

"Aika, hiyo titani yako hapa Msimbazi nani ananunua?"

"Hakuna, baba. Na naanza upya leo."

"Basi jioni nashusha swichi. Duka likiungua, tutakula grafu?"

"Si mnasema umeme hauachwi bila mtu? Mtu atakuwepo. Ikizimwa kila usiku sitawahi wiki mbili. Nalala hapa mpaka iishe."

Kile kicheko kiliniuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikizungusha mpini wa ile jiliwa tangu nikiwa darasa la tatu.

Mchana mama alileta godoro na chupa ya chai, akaviweka stoo, akaondoka.

Saa kumi na mbili baba alisimama mbele ya swichi, mkono juu. Nikavuta katoni la bolti, nikakaa hapo hapo chini yake. Tulitazamana mpaka shingo ikaniuma.

Akateremsha mkono. Akatoka, akafunga geti kwa nje, na nikamsikia akimwambia mlinzi, "Humo ndani kuna mtu yuko kazini. Usimsumbue."

Kompyuta inanguruma. Siku ya kwanza, kwa mara ya pili.