Kiwanda Namba Saba

Braga, 20 Novemba

Kwa dada yangu Idalina, uliyenishika kwenye maji ya ubatizo,

Naomba baraka yako kwanza, kama ulivyonifundisha, ndipo nikujulie hali. Goti linasemaje na baridi hii? Na yule paka mwizi, bado analala kwa jirani yako Celeste na kula kwako? Sisi hatujambo. Mvua haijakatika tangu nirudi, na mke wangu ananilaumu kana kwamba niliibeba mimi kwenye sanduku.

Asante kwa chakula cha sikukuu ya Mtakatifu Martinho. Sikula vizuri, ukadhani naumwa. Siumwi. Nilikuona ukimpelekea Celeste samaki amnuse kabla hujampika. Wewe, uliyekuwa ukinusa gome la mwaloni mara moja tu na kusema kizibo cha chupa kitakachokatwa kwenye gome hili kitaharibu mvinyo wa watu! Ukacheka, ukasema pua imezeeka, ndiyo maana wamekuondoa kazini.

Ukanisimulia jinsi ofisi ilivyokuja na karatasi ikisema meza yenu ya kuchambua magome ndiyo ya mwisho katika viwanda vyote kumi na viwili. Abílio wa mashine za kutoboa vizibo akapewa saa ya ukutani kwa kazi bora, kisha akakuuliza mbele ya watu, Bibi Pua, miaka yote hii ulikuwa unanusa au unasinzia? Wenzako wakacheka. Nawe, usiyemwachia mtu neno, ukainamia magome yako.

Hukuwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nilifurahi usiulize. Napima viwanda. Nachukua vilivyoingia na vilivyotoka, nalinganisha kila kiwanda na vile vilivyofanya vizuri zaidi. Kilicho bora hupata moja kamili, vingine hupata pungufu. Kazi yenye hatua mbili naikata vipande viwili: kwanza magome yachemshwe na kuchambuliwa, kisha vizibo vitobolewe. Kinachotoka hatua ya kwanza ndicho kinachoingia ya pili. Nilikipima kwa kilo.

Kwa kilo, dada. Kila gome bovu ulilolitupa lilihesabiwa kuwa hasara yako. Na kwa kuwa ulimpelekea Abílio magome safi tu, yeye akapata moja kamili. Ile saa ya ukutani ni yako.

Karatasi ile niliiandika mimi.

Natamani ningesema sikujua. Viwanda vilikuja kwangu bila majina, namba tu. Lakini namba saba ilikuwa inatupa magome mengi kuliko zote, na haikuwa na kizibo hata kimoja kilichorudishwa na wenye mvinyo. Nilikutambua siku ileile. Ningeweza kuviingiza hivyo vizibo vilivyorudishwa kwenye hesabu. Niliogopa wataniambia nampendelea dada yangu, na kusema kweli, jedwali lilikuwa limeshapendeza, sikutaka kulivuruga. Nikaliacha. Halafu nikaja kukaa mezani kwako na kukusikiliza ukiisingizia pua yako, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimepiga hesabu upya. Namba saba imepata moja kamili katika hatua zote mbili, peke yake kati ya kumi na viwili. Nimewapelekea wenye kiwanda hesabu hiyo pamoja na jina langu na kosa langu. Wamenijibu kwa adabu kwamba mashine ya kuchambua imeshanunuliwa. Majuto ni mjukuu, nami wangu nimeshampakata.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja Jumapili ya kwanza ya Majilio. Ukinifungia mlango nitaelewa. Ila kabla ya siku hiyo nakuomba jambo moja. Usimpelekee tena Celeste samaki. Mnuse mwenyewe, na ukisema ameoza, mtupe. Ameoza.

Msalimie Celeste, na paka asiyestahili salamu.

Mdogo wako na mwana wako wa ubatizo,
Firmino