Nafasi ya Kupiga Magoti

Lugano mjukuu wangu,

Hapa Mbeya tu wazima. Viazi tumeshachimba, na ng'ombe wa mjomba wako kazaa ndama jike. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama uache digrii, kwa kuwa darasani msichana ni wewe peke yako na wenzako hawakusikilizi.

Miaka ya hamsini nilipelekwa shule Iringa, Mnyakyusa peke yangu. Kwetu msichana hamjibu mkubwa kabla ya kupiga magoti, na madawati yale yalibanana, hapakuwa na pa kupigia. Basi nikawa nakaa kimya. Mwalimu wetu, mama wa Kihehe, akasema, "Huyu hajui kitu, arudishwe kwao." Kurudi kuliniogopesha kuliko aibu. Nikatoka mpaka mlangoni, nikapiga magoti, nikajibu maswali yote ya wiki ile.

Kesho yake nikakuta mwalimu kalisogeza dawati langu, nafasi ya magoti ipo. Mwezi haujaisha, nikawa najibu nimesimama.

Mimi niliishia darasa la nane. Wewe usifungashe mizigo, mama. Waambie wasogeze madawati.

Bibi yako,
Tupokigwe