Kadi ya Kaka Yako

Chumba Na. 4,
Nyuma ya Jengo la Kufulia,
12 Agosti

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na kitinda mimba wako amepona kikohozi? Mimi mwili ni mzima. Viatu vya kaka yako bado viko nyuma ya mlango. Nikifagia navisogeza, kisha navirudisha.

Wifi, nina hofu, na wa kumwambia ni wewe tu. Wiki ile ya msiba, nilipokwenda kuandikisha kifo chake, karani aliomba kitambulisho cha marehemu. Kadi zetu zilikaa pochi moja, na macho yangu siku zile hayakuwa macho. Nilimpa yangu. Naye hakuangalia picha, akaitoboa tundu na kuitupa sandukuni.

Nimejua juzi tu, nilipokwenda kuhakiki jina langu kwenye daftari la wapiga kura. Siku hizi bila kadi yenye picha hupigi kura. Karani wa huko akatazama mashine, kisha akanitazama mimi.

"Mama, hapa umefariki mwezi wa tatu."

Nikamjibu, "Basi nipe pole."

Hakucheka. Kaka yako angecheka.

Nilidhani nina njia. Aliyepoteza kadi huruhusiwa kuapa mbele ya msimamizi, pamoja na jirani anayemjua, na kura yake huwekwa kwenye bahasha mpaka ihakikiwe. Fundi cherehani wa chumba cha pili alikubali kuniapia. "Nakujua hata unavyokoroma, shoga," akasema. Lakini karani anasema njia hiyo ni ya walio hai daftarini. Mimi kwanza nirudishwe, na ili nirudishwe nipeleke kadi ya kaka yako itobolewe. Mwisho ni Ijumaa.

Naogopa wataniuliza kwa nini nimekaa na kadi ya marehemu miezi mitano, kana kwamba nilitaka kuitumia kupiga kura. Ila kinachoninyima usingizi ni kingine. Sina picha yake nyingine. Zote ziliharibika bomba la juu lilipopasuka. Humo kwenye kadi amekunja uso kwa kuwa alikatazwa kutabasamu, na ukosi umepinda upande mmoja, mimi ndiye niliyesahau kuunyoosha. Na sanduku lao nimeliona, wifi. Tundu hupita usoni.

Nimewaza niache tu. Halafu nakumbuka alivyokuwa akinitania kwenye foleni: "Mke wangu, tungebaki nyumbani, kura yako inaifuta yangu." Hatukukubaliana hata mwaka mmoja, na hatukukosa hata mmoja. Nikibaki nyumbani, tutakuwa tumekufa wote wawili.

Kama una picha yake yoyote, hata ya utotoni, nitumie.

Ijumaa nitakwenda. Fundi cherehani atanisindikiza, anasema nikishindwa kuiachia atanifungua vidole yeye. Nitafumba macho. Sijui nitafanyaje na masikio.

Nisalimie mama mkwe, usimweleze habari za tundu. Mbusu kitinda mimba, na shemeji mpe salamu zangu. Mungu awatunze mlale salama na muamke wote.

Wifi yako anayekupenda na kukukumbuka,
Mke wa kaka yako